Watu Watano katika Nyumba ya Kingston

Katika makanisa yetu kuna mazungumzo yanayorudi karibu kila mwaka. Washirika wanaoishi mbali na kanisa mama wameanza kukutana nyumbani kwa mmoja wao. Katikati ya wiki wanaomba, Jumapili jioni wanasoma Neno. Baada ya muda wanawaandikia wazee barua: tumekuwa wengi, tunaomba tuwe kanisa. Barua inasomwa kikaoni, watu wanamshukuru Mungu, kisha anainuka mmoja na kuuliza: kiwanja kiko wapi? Mabati atanunua nani? Mchungaji atalipwa na nani? Hapo mazungumzo yanasimama, na mara nyingi uamuzi unakuwa mmoja: tungoje mpaka tupate mfadhili.

Maswali hayo si dalili ya kukosa imani. Bwana wetu mwenyewe alisema habari za mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28). Tena sisi Wabaptisti hatuna ofisi ya juu inayounda kanisa na kulipangia mshahara wa mchungaji. Kwetu kanisa huzaliwa pale waamini waliobatizwa wanapofanya agano mbele za Mungu kwamba watatembea pamoja. Basi watu walewale wanaofanya agano ndio wanaobeba gharama, na swali la fedha haliwezi kukwepwa.

Lakini swali hilo ni la zamani, na waliotutangulia walilijibu kwa njia mbalimbali. Nimechagua habari za Wabaptisti wa Jamaika, kwa sababu katika kisiwa kile kimoja njia zote zinaonekana: mhubiri anayejilipia mwenyewe, washirika maskini wanaochanga sarafu zao, chama cha misheni kinachotuma fedha kutoka ng'ambo, na mwisho makanisa yanayoamua kujitegemea. Kila njia ilizaa matunda, na kila njia ilikuwa na gharama yake.

Mhubiri aliyefika na deni

George Liele alizaliwa utumwani huko Virginia, Marekani, yapata mwaka 1750. Bwana wake, Henry Sharp, alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti huko Georgia. Mwaka 1773 Liele alimwamini Kristo, akabatizwa, akaanza kuwahubiria watumwa wenzake katika mashamba yaliyo kando ya mto Savannah. Mwaka 1775 aliwekwa wakfu kwa kazi ya kuhubiri, na Sharp akampa uhuru wake.

Kisha vita vya uhuru wa Marekani vikaja. Sharp alikufa vitani, na baadhi ya warithi wake hawakutaka kuukubali uhuru wa Liele. Walimtia gerezani. Alitoka kwa kuonyesha hati zake na kwa msaada wa afisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Kanali Kirkland. Waingereza waliposhindwa na kuanza kuhama, Liele alitaka kuondoka pamoja na mkewe na watoto wao, lakini hakuwa na nauli. Akaikopa kwa Kirkland, naye akajiweka rehani kwa kazi mpaka deni liishe. Hivyo ndivyo alivyofika Kingston, Jamaika, mwanzoni mwa mwaka 1783. Hakutumwa na chama chochote wala hakuwa na barua ya mfadhili.

Alifanya kazi karibu miaka miwili hadi akalimaliza deni, akapewa cheti cha kuwa mtu huru. Mnamo Septemba 1784 akaanza kuhubiri katika nyumba ndogo ya mtu binafsi mjini Kingston. Kanisa aliliunda na watu wanne waliokuwa wametoka Marekani kama yeye. Pamoja naye walikuwa watano.

Tulitazame tendo hilo kwa makini. Hawakuwa na kiwanja wala jengo, na mchungaji hakuwa na mshahara, lakini wao walijiita kanisa, na walikuwa kanisa kweli. Liele alilima, na kwa kuwa mvua hazitabiriki akafuga farasi na kuwa na magari ya kukokota mizigo, akifanya kazi hiyo pamoja na wanawe. Hapo alifuata njia ya Mtume Paulo, aliyeshona mahema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:1–3). Kazi hiyo ilimlisha, na zaidi ya hapo ilimpa jina jema mjini, maana watu walimjua kama mtu anayefikisha mizigo yao salama.

Sarafu za watumwa

Mwaka 1791 Liele aliandika barua kwenda London kwa mchungaji Mbaptisti, John Rippon, aliyekuwa akichapisha habari za makanisa. Ni hesabu ya kanisa iliyoandikwa kwa unyofu. Alieleza kwamba alikuwa amekwisha kubatiza watu 400 katika Jamaika, na kwamba washirika walikuwa karibu 350. Walikuwa wamenunua kiwanja cha ekari 3 mashariki ya mji kwa pauni 155 za Jamaika na kuanza kujenga.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ya kusanyiko walikuwa watumwa. Liele alieleza kwamba mabwana wao waliwapa sarafu tatu au nne tu kwa wiki, nazo ndizo za kununulia chakula. Hakutegemea kupata mengi kutoka kwao. Hata hivyo watumwa na watu huru walitoa walichoweza, naye mchungaji badala ya kupokea mshahara alitoa cha kwake. Tunapokumbuka Wakristo wa Makedonia waliotoa katika umaskini wao mkuu (2 Wakorintho 8:1–5), na hawa tuwakumbuke.

Hata hivyo sarafu hizo hazikutosha kumaliza jengo. Ndiyo maana Liele aliomba msaada London, na Wabaptisti wa Uingereza wakachangia. Lakini jengo lilibaki na deni, na deni lilikuwa juu ya jina lake. Baadaye, aliposhtakiwa kwamba mahubiri yake yalichochea watu, mashtaka yenyewe hayakumtia hatiani, ila alizuiliwa gerezani kwa sababu ya deni la kanisa. Mchungaji aliyelipa deni lake la kwanza kwa kazi ya mikono akafungwa kwa deni la ukuta na paa.

Kulikuwa na gharama nyingine isiyohesabiwa kwa pauni. Ili kanisa liruhusiwe kuwapo, Liele hakumpokea mtumwa yeyote bila ridhaa ya bwana wake, na agano la kanisa lilionyeshwa kwa wakuu ili waone kwamba halina hatari. Leo ni rahisi kumlaumu. Yeye aliishi mahali ambapo neno moja lingeweza kulifunga kanisa na kuwapeleka washirika wake kwenye mijeledi. Hata hivyo tuseme ukweli: ruhusa ile ilinunuliwa kwa ukimya juu ya utumwa wenyewe. Mwenye uwezo wa kulifunga kanisa alikuwa amepata sauti ndani yake, ingawa hakutoa hata sarafu moja.

Sanduku la Kettering

Mwaka mmoja baada ya barua ile, tarehe 2 Oktoba 1792, wahubiri wachache wa Kibaptisti walikutana katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjane mmoja katika mji wa Kettering, Uingereza. Miongoni mwao walikuwa Andrew Fuller, na William Carey aliyekuwa fundi viatu. Waliunda chama cha kueneza Injili kwa mataifa, wakaandika ahadi zao kwenye vikaratasi, na vikaratasi vikakusanywa katika kisanduku cha ugoro cha Fuller. Jumla ilikuwa pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Huo ndio mwanzo wa Chama cha Misheni cha Wabaptisti. Carey alipofika Bengal mwaka 1793 fedha ziliisha upesi, naye akashika kazi ya kusimamia kiwanda cha nili, akakiandikia chama kwamba hahitaji tena kulipwa na watumie fedha hizo kwa kazi nyingine. Kumbe hata yule tunayemwita baba wa misheni za ng'ambo alipita njia ileile ya Liele, na Liele alimtangulia kwa miaka kumi.

Ni Wajamaika walioanza kukiita chama hicho. Moses Baker, aliyebatizwa na Liele, alikuwa akiwafundisha watumwa mashambani magharibi ya kisiwa. Kazi ilipozidi nguvu zake na sheria zikawabana wahubiri weusi, aliomba msaada Uingereza. Mwaka 1814 chama kilimtuma John Rowe. Alikufa baada ya miaka miwili tu, lakini wengine wakafuata: James Phillippo, Thomas Burchell, na mwaka 1825 William Knibb, kijana aliyezaliwa Kettering kulekule, aliyekuja kuchukua nafasi ya kaka yake mwalimu aliyefariki Jamaika.

Msaada huu ulifanya mengi. Makanisa yalijengwa, shule zikafunguliwa, na wahubiri wakapata ulinzi wa kuwa na ndugu London. Lakini pamoja na fedha yalikuja maagizo. Wamisionari walielekezwa wasijiingize katika mambo ya utawala, na utumwa ulihesabiwa kuwa jambo la utawala. Waliochanga walikuwa watu wa Mungu, wengi wao maskini. Lakini walikuwa mbali, na mtu aliye mbali huona hatari ya kuifunga misheni kabla hajaona mgongo wa mtumwa.

Moto wa 1831

Sam Sharpe alikuwa mtumwa, na shemasi katika kanisa la Burchell huko Montego Bay. Alisoma Biblia na magazeti, akashawishika kwamba mtu hawezi kumtumikia Kristo na wakati huohuo kuwa mali ya mtu mwingine. Aliwaapisha wenzake kwamba baada ya Krismasi ya mwaka 1831 hawatarudi mashambani bila ujira. Tarehe 27 Desemba mashamba yalianza kuwaka moto, na jambo lililokusudiwa kuwa mgomo likawa maasi makubwa. Serikali iliyazima kwa ukatili. Watumwa zaidi ya 300 walinyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu ya mahakama, na Sharpe mwenyewe alinyongwa Montego Bay tarehe 23 Mei 1832. Wenye mashamba waliviita Vita vya Wabaptisti, na kwa hasira wakabomoa na kuchoma majengo zaidi ya kumi ya ibada.

Majengo yale yalikuwa jasho la miaka mingi, lakini makanisa hayakufa. Washirika walikutana chini ya miti na majumbani, kama wale watano wa Kingston. Naye Knibb alikwenda Uingereza mwaka 1832, akasimama mbele ya chama kilichomtuma, na ingawa alishauriwa kunyamaza alisema wazi kwamba utumwa na Injili haviwezi kukaa pamoja. Bunge lilipitisha sheria ya kuufuta mwaka 1833. Tarehe 1 Agosti 1838 watumwa wa Jamaika walikuwa huru kabisa. Katika nchi zote zilizohusika wenye watumwa walitengewa fidia ya pauni milioni 20. Watumwa hawakupewa chochote.

Uamuzi wa 1842

Watu huru wasio na ardhi wangewezaje kuwa na kanisa? Mwenye shamba aliweza kumfukuza mshirika nyumbani kwake kwa sababu ya kukataa ujira mdogo. Kwa hiyo wachungaji walinunua mashamba, wakayagawa viwanja vidogo, na kuwauzia washirika. Kijiji cha Sligoville, kilichoanzishwa na Phillippo, kinakumbukwa kama cha kwanza. Katikati ya vijiji hivyo kulikuwa na nyumba ya ibada na shule. Huko ndiko kanisa lilikopata msingi wake wa fedha: familia yenye kiwanja chake, mavuno yake na uhuru wa kutoa.

Sadaka ziliongezeka, na mwezi Januari 1842 makanisa yalikutana Falmouth yakaamua jambo zito: kuanzia Agosti mwaka huo hayatapokea tena fedha za chama cha misheni kwa kazi ya Jamaika. Yalikuwa yametimia miaka minne tu tangu uhuru. Tena hayakuishia hapo. Mwaka uleule yaliunda chama chao cha misheni, na mwaka 1843 yakafungua chuo cha Calabar cha kufundisha wachungaji. Wengi wa washirika walikuwa wana na wajukuu wa watu waliotekwa Afrika, nao walitaka kurudisha Injili huko. Joseph Merrick, Mjamaika, alikwenda kisiwa cha Fernando Po, kisha Bimbia katika pwani ya Kamerun, akatafsiri sehemu za Biblia kwa Kiisubu. Wengine kutoka Jamaika walimfuata kwa meli ya *Chilmark*.

Ningependa kuishia hapo, lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1846 Uingereza ilibadili ushuru wa sukari, bei ikashuka na mashamba mengi ya Jamaika yakafungwa. Mishahara ilipungua, kisha mwaka 1850 kipindupindu kikaua maelfu. Sadaka zilianguka. Wachungaji wengine walikosa posho, makanisa mengine yakalemewa na madeni ya majengo, na ndugu wengine wakasema uamuzi wa 1842 ulifanywa mapema mno.

Je, walikosea? Mimi naona kwamba hawakukosea kuamua kujitegemea. Walichokosa ni akiba ya siku mbaya, na mpango wa makanisa yenye nguvu kuyabeba yaliyo dhaifu. Kila kanisa lilisimama peke yake, na upepo ulipovuma yale ya vijiji maskini yalianguka kwanza. Lakini chuo cha Calabar kiliendelea kutoa wachungaji Wajamaika, na makanisa yaliyopita katika miaka ile yalikuwa yao kweli.

Mto uliofika kwetu

Habari hizi haziko mbali nasi kama tunavyodhani. Kutoka misheni ya Kamerun, ambayo Wajamaika walishiriki kuianza, George Grenfell na Thomas Comber walikwenda Kongo mwaka 1878. Safari hiyo ilichochewa na Robert Arthington wa Leeds, tajiri aliyeishi kama maskini ili fedha zake ziende kwenye misheni, aliyeahidi pauni 1,000 kwa ajili ya Kongo. Mke wa Grenfell, Rose Edgerley, alikuwa na asili ya Jamaika. Kazi hiyo ilipanda mto hadi Yakusu, karibu na Kisangani, ambako Kiswahili kinasikika hadi leo. Kwa upande wetu wa mashariki, Wabaptisti kutoka Marekani waliingia Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Wao walitumwa kwa fedha zilizochangwa pamoja na maelfu ya makanisa, kwa mpango wa ushirikiano ulioanzishwa mwaka 1925. Wengi wetu tulikuta jengo limekwisha kusimama, na pengine ndiyo sababu tunadhani kanisa huanza na jengo.

Turudi basi kwenye ile barua iliyo mezani kwa wazee. Kutokana na Jamaika naona mambo manne ya kuwajibu ndugu wale.

La kwanza, tusiwaulize habari za mabati kabla ya kuuliza habari za agano. Ni nani na nani wamekubali kutembea pamoja, kuonyana na kubebana? Wakiwa watano wanatosha kuanza, na sebule ya mmoja wao inatosha kuwa mahali pa ibada.

La pili, tusimdharau mhubiri mwenye kazi yake. Mwalimu, fundi cherehani au dereva aliyeitwa na Mungu anaweza kulilea kanisa changa miaka ya kwanza. Lakini tusimwache abebe kila kitu, wala tusiandike deni la kanisa kwa jina lake. Kiwanja na mkopo viwe vya kanisa, vikisainiwa na wadhamini waliochaguliwa.

La tatu, msaada upokelewe kwa shukrani, kwa jambo lililotajwa na kwa muda unaojulikana. Paulo alipokea msaada wa Wafilipi (Wafilipi 4:15–16), na Liele aliomba London. Ila kabla ya kupokea tuulize: mtoaji huyu atataka tunyamaze juu ya nini? Fedha hazianzishi kanisa, lakini zinaweza kuamua kanisa litamwogopa nani.

La nne, kanisa changa lianze kutoa siku ileile linapoanza kupokea, hata kama ni kidogo. Nasi tulio kanisa mama tuweke fungu la kila mwezi kwa ajili yao, tukubaliane litapungua lini na litakwisha lini, na tuwe na akiba ya mwaka wa ukame. Hilo la mwisho ndilo Wajamaika walilolikosa, na walilipia.

Ndugu wale wanangoja jibu letu. Wameomba pamoja muda mrefu, na Jumapili ijayo watakutana tena kwenye sebule ileile, wawe na jibu letu au wasiwe nalo. Bwana atujalie tuwape jibu linalostahili imani yao.